Lester Patrick hakuwa golikipa

Simulizi ya Aprili 7, 1928 inajulikana sana: mechi ya pili ya fainali ya Kombe la Stanley, taji kuu la mpira wa magongo wa barafuni, New York Rangers dhidi ya Montreal Maroons. Golikipa wa Rangers, Lorne Chabot, anapigwa jichoni na kisahani (kinachochezewa badala ya mpira), na kocha wake Lester Patrick, mzee wa miaka 44 mwenye mvi, anavaa mavazi ya Chabot na kukaa golini. Rangers wanashinda 2–1 katika muda wa nyongeza.

Hayo ni kweli. Kosa ni lile hitimisho linalofuata: kwamba Patrick alikuwa golikipa mstaafu, au kocha wa pembeni aliyebahatika siku moja.

Patrick alikuwa beki, na beki wa aina yake. Mabeki wa enzi zake walikaa nyuma na kukibutua kisahani mbali. Yeye alikichukua na kupanda nacho hadi lango la wapinzani. Akiwa na Montreal Wanderers alitwaa kombe mwaka 1906 na 1907.

Halafu mwaka 1911, yeye na mdogo wake Frank, kwa fedha za biashara ya mbao ya baba yao, walianzisha ligi yao pwani ya magharibi ya Kanada, wakajenga viwanja vya barafu ya mashine Victoria na Vancouver. Ligi hiyo ndiyo iliyowaruhusu makipa kujitupa chini kuokoa. Kabla yake ilikuwa adhabu. Mwaka 1925 aliiongoza Victoria Cougars kutwaa kombe.

Golini alikaa kwa sababu timu ilikuwa na kipa mmoja tu, na Maroons walikataa Rangers waazime kipa aliyekuwa jukwaani. Mechi iliyofuata alirudi benchi.