Maana ya kusafisha umbizo katika nyaraka za mifumo ya faili ya kiini cha Linux

Kusafisha umbizo ni kurekebisha sura ya waraka bila kugusa kile ambacho waraka unakisema. Kazi hiyo ikiisha, vichwa vya habari vinafuata ngazi zinazoeleweka, mifano ya amri inasimama peke yake, majedwali yamekaa sawa, na msomaji anakuta maelezo yale yale yaliyokuwepo kabla. Kwa barua au ripoti ya kawaida maelezo hayo yangetosha. Kwa nyaraka zinazoeleza mifumo ya faili ndani ya kiini cha Linux hayatoshi, kwa sababu humo nafasi tupu, nyota na vistari ni sehemu ya lugha inayosomwa na programu, na kosa dogo la sura linaweza kugeuka kosa la maana bila mtu yeyote kubadilisha neno.

Kiini ni ile sehemu ya mfumo wa uendeshaji inayosimamia kumbukumbu, vifaa na programu zinazotumia kompyuta kwa wakati mmoja. Mfumo wa faili ni utaratibu ambao kwa huo data hupangwa na baadaye kupatikana tena kwa jina na njia yake. Iko mifumo inayohifadhi data kwenye diski, kama ext4, XFS na Btrfs, na iko isiyo na diski kabisa, kama proc, ambao huonyesha hali ya kiini kana kwamba ni faili za kawaida. Maelezo ya mifumo hii yamewekwa pamoja na msimbo wenyewe, katika saraka ya Documentation/filesystems, na mabadiliko yake hupitia njia ile ile inayopitiwa na msimbo: mtu huandaa kiraka, yaani faili linaloonyesha mabadiliko anayopendekeza, hueleza sababu zake, hukitia saini, na wasimamizi wa sehemu hiyo hukikagua kabla ya kukipokea.

Chanzo cha uchafu unaosafishwa ni historia. Linux ilianza mwaka 1991, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya nyaraka hizi ilikuwa faili za matini tupu zenye kiambishi cha .txt, ambazo kila mwandishi alizipanga alivyopenda. Mmoja alipigia vichwa vya habari mstari kwa vistari, mwingine aliviandika kwa herufi kubwa, wa tatu alichora majedwali kwa alama za nukta. Vitabu vichache vilitumia mfumo mwingine ulioitwa DocBook. Mwaka 2016 kiini kilianza kutumia Sphinx, programu inayosoma matini yaliyoandikwa kwa kanuni za reStructuredText na kuyageuza kuwa kurasa za wavuti, na kati ya mwaka 2019 na 2020 faili nyingi za mifumo ya faili zilibadilishwa kutoka .txt kwenda .rst. Katika uhamisho mkubwa wa aina hiyo lengo la kwanza huwa ni kuifanya programu isome faili bila kulalamika. Kwa hiyo nyaraka nyingi zilivuka zikiwa na mavazi yao ya zamani: ujongezaji (nafasi tupu za mwanzo wa mstari) wa mtu huyu, orodha za mtu yule, na mifano ya amri ambayo haikutengwa na sentensi zinazoizunguka. Usafishaji unaofanywa leo kwa sehemu kubwa ni kumalizia kazi hiyo.

Jambo la kushika kabla ya yote ni kwamba waraka wa namna hii una wasomaji wawili. Wa kwanza ni mtu anayefungua faili lenyewe kwa kihariri chake, bila ukurasa wowote wa wavuti, na watengenezaji wengi wa kiini hufanya hivyo hasa. Wa pili ni Sphinx. Mwongozo wa uandishi wa nyaraka wa kiini chenyewe unaonya watu wasizidishe alama, kwamba waraka ubaki matini ya kawaida yenye mpangilio wa kutosha tu kuwezesha kugeuzwa kwenda maumbizo mengine. Nakubaliana na onyo hilo kabisa. Anayejaza alama za mapambo kwenye kila jina la chaguo la kukokotoa (function, kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake) anampendeza msomaji wa wavuti na kumchosha yule wa kihariri, ilhali wa kihariri ndiye mara nyingi atakayetakiwa kuurekebisha waraka huo kesho. Kusafisha vizuri ni kuhakikisha wasomaji hao wawili wanasoma kitu kimoja.

Tuchukue mfano mmoja na kuutazama kwa karibu. Katika Linux mtu anaweza kuupachika mfumo wa faili chini ya saraka fulani, kisha kuifanya sehemu hiyo iwe ya pamoja, ili kinachopachikwa ndani yake kionekane pia mahali pengine. Tuseme waraka unaeleza hivi:

Fanya /mnt iwe ya pamoja, kisha ionyeshe pia kwenye /tmp:
    mount --make-shared /mnt
    mount --bind /mnt /tmp

Kwa jicho la mtu hakuna tatizo. Kuna sentensi ya utangulizi, na chini yake amri mbili, kila moja kwenye mstari wake. Sphinx inaona kitu tofauti kabisa. Kwa kanuni za reStructuredText, mstari mmoja unaofuatwa papo hapo na mistari iliyojongezwa ni istilahi pamoja na ufafanuzi wake, kama katika kamusi. Hivyo sentensi ya utangulizi inakuwa istilahi, na amri mbili zinaunganishwa kuwa aya moja inayosomeka mount --make-shared /mnt mount --bind /mnt /tmp. Tena, mpangilio wa kawaida wa Sphinx usipozimwa hugeuza vistari viwili vinavyofuatana kuwa kistari kimoja kirefu, kwa hiyo anayenakili amri kutoka kwenye ukurasa anaweza kubeba alama ambayo kompyuta haiitambui kuwa chaguo la amri. Na katika yote haya programu haitoi onyo lolote, kwa kuwa kwa upande wake kila kitu kimeandikwa sahihi: imepewa istilahi na ufafanuzi, nayo imechapisha istilahi na ufafanuzi.

Mtu akiweka mstari mtupu baada ya utangulizi bila kufanya zaidi, amri zinageuka nukuu iliyojongezwa na bado zinaunganishwa. Utangulizi ukiwa na mistari miwili badala ya mmoja, Sphinx inalalamika kwamba imekuta ujongezaji isioutarajia. Hali tatu, matokeo matatu, na tofauti kati yao ni mistari ambayo macho hayaioni. Tiba ni ndogo mno:

Fanya /mnt iwe ya pamoja, kisha ionyeshe pia kwenye /tmp::

    mount --make-shared /mnt
    mount --bind /mnt /tmp

Koloni mbili mwishoni mwa sentensi, zikifuatwa na mstari mtupu, huiambia programu kwamba yote yaliyojongezwa yachapishwe kama yalivyo, mstari kwa mstari, bila kutafsiri alama yoyote. Kwenye ukurasa hubaki koloni moja tu, na anayesoma faili tupu haoni tofauti inayomsumbua. Kiraka kizima ni herufi moja na mstari mtupu. Ndiyo maana viraka vya aina hii huonekana vya kipuuzi kwa mtu asiyejua kinachotokea nyuma yake.

Nyota nazo zina visa vyao. Katika lugha ya C, ambayo sehemu kubwa ya kiini imeandikwa kwayo, nyota mbele ya jina huonyesha kwamba jina hilo ni kielekezi, yaani linashika anwani ya kitu badala ya kitu chenyewe. Katika reStructuredText nyota hufungua maneno ya mlazo. Sentensi yenye struct inode *inode katikati ya maelezo inafungua mlazo usiofungwa popote, na programu inatoa onyo. Mstari wa chini mwishoni mwa neno ni mtego mwingine, kwa sababu hufanya neno hilo kuwa kiungo. Mwandishi anayeeleza kwamba sehemu za muundo fulani huanza na d_ anaambiwa kwamba kiungo kiitwacho d hakipo. Kwa vipande kama hivi vinukuu vilivyoinama (`), viwili kila upande, vinatosha. Majina ya chaguo za kukokotoa yanayoishia na mabano, kama vfs_read(), ni afadhali yaachwe bila alama yoyote, kwani nyaraka za kiini zina nyongeza inayoyatambua na kuyatafutia viungo yenyewe pale maelezo yake yanapokuwepo.

Vichwa vya habari havina mengi. Alama ya kupigia mstari isiwe fupi kuliko kichwa chenyewe, na ngazi zifuate utaratibu uliozoeleka katika kiini: alama za sawasawa juu na chini kwa jina la waraka, alama hizo chini tu kwa sura, vistari kwa sehemu, na mawimbi kwa sehemu ndogo.

Majedwali ndiyo yanayonifanya niseme kwamba mpaka kati ya sura na maana ni mwembamba. Kuna waraka katika saraka hiyo, locking.rst, unaoeleza makufuli, yaani vizuizi vinavyozuia sehemu mbili za kiini zisibadilishe data moja kwa wakati mmoja: kila operesheni ya mfumo wa faili huitwa huku kufuli gani limeshikwa, na kama operesheni hiyo inaruhusiwa kusubiri. Sehemu kubwa ya maelezo hayo ni maneno mafupi ya ndiyo na hapana yaliyopangwa kwa safu. Operesheni ya d_revalidate, kwa mfano, inaruhusiwa kusubiri katika namna moja ya kupitia njia za faili, ilhali d_hash iliyo chini zaidi katika jedwali hairuhusiwi kusubiri hata kidogo. Neno hapana halina maana yoyote likiwa peke yake. Maana yake yote inatokana na mahali lilipokaa. Anayesafisha jedwali hilo akateremsha ndiyo mstari mmoja kwa bahati mbaya, hajaharibu sura, kwani jedwali litachapishwa likiwa zuri kabisa. Amemwambia mtengenezaji wa mfumo mpya wa faili kwamba anaweza kusubiri mahali ambapo kusubiri hakuruhusiwi, na kosa la aina hiyo katika kiini hujitokeza mbali sana na mahali lilipoanzia.

Sphinx husaidia kwa kiasi tu. Herufi ikiangukia kwenye nafasi inayotenganisha safu wima mbili, programu inakataa jedwali na kusema ni wapi. Mstari ambao safu yake ya kwanza iko tupu, kwa upande mwingine, huchukuliwa kuwa mwendelezo wa mstari uliotangulia, na hilo hupita kimya. Alama ya Tab nayo huhesabiwa kuwa nafasi hadi 8, kwa hiyo mtu ambaye kihariri chake kimewekwa kuonyesha nafasi 4 anaweza kuwa anapanga jedwali moja kwenye skrini na kuandika jingine kwenye faili. Ushauri wangu katika majedwali ya makufuli ni kutumia nafasi za kawaida pekee, na kuhesabu visanduku vya kila mstari kabla na baada.

Kutokana na hatari hizo, kuna mambo ambayo hayamo katika dhana hii hata kama yanafanywa na mtu yule yule siku ile ile. Kusahihisha sarufi, kuondoa aya inayorudia iliyotangulia, kueleza upya tabia ya chaguo fulani la kupachika: hayo ni marekebisho ya maudhui, na yanastahili kiraka chake. Mkaguzi anayepewa mistari 300 iliyosogezwa ndani, na katikati yake sentensi moja iliyobadilishwa maana, hataiona sentensi hiyo. Vikitenganishwa, kiraka cha sura kinaweza kukaguliwa kwa kuiagiza git, programu inayotunza historia ya msimbo, ipuuze nafasi tupu kwa amri ya git diff -w, na kinachobaki baada ya hapo kinapaswa kuwa kidogo sana.

Hata kiraka safi kina gharama. Mistari iliyosogezwa hubeba jina la aliyeisogeza, kwa hiyo anayetafuta nani aliandika sentensi na kwa sababu gani hulazimika kuchimba hatua moja zaidi. Kubadilisha maneno ya kichwa cha habari hubadilisha anwani ya sehemu hiyo kwenye ukurasa wa wavuti, na viungo vya nje vilivyoelekea hapo hupotea njia. Nyaraka za kiini pia zina tafsiri, zikiwemo za Kichina, Kijapani, Kikorea, Kiitaliano na Kihispania, na watafsiri hulazimika kupitia kila badiliko la waraka wa asili ili kujua kama linawahusu. Kwa sababu hiyo naona haifai kusafisha waraka ambao hauna tatizo kwa msomaji yeyote kati ya wale wawili, ati kwa kuwa tu mpangilio wake si ule tunaoupendelea.

Ukaguzi wenyewe huanza kwa kujenga kurasa za saraka inayohusika pekee, kwa amri ya make SPHINXDIRS=filesystems htmldocs, na kusoma maonyo yanayotoka. Wengi huishia hapo, wakifurahi kwamba idadi ya maonyo imeshuka. Lakini mfano wa /mnt hapo juu haukuwa na onyo hata moja katika hali yake mbovu zaidi, na jedwali lenye ndiyo iliyoteremka lisingekuwa nalo pia. Hivyo kinachobaki ni kufungua ukurasa wa zamani na mpya bega kwa bega, faili tupu likiwa pembeni, na kupitia kila mfano wa amri na kila safu ya jedwali kwa macho.