Je, wajua posti yako ya siri inaweza kuanikwa na wewe hujabonyeza kitu?

Juzi nilikuwa Kibirizi, kule Kigoma, shangazi yangu anageuza dagaa wake, akanitupia swali kabla hata sijakaa: "Hivi wewe unayeshinda na simu, mtandao unaweza kumwanika mtu kama mimi ninavyoanika hawa?" Kisa chenyewe, alikuwa ameandika kwenye mtandao mmoja (siutaji) kwamba mteja wake wa jumla wa kutoka Kongo ni msumbufu, kila akija ni kulia bei tu, kaandika ili ndugu zake wacheke, siku mbili mbele yule mteja kafika na ile posti ipo kwenye simu yake. Shangazi anaapa hakugusa setingi yoyote.

Jibu ni ndio, inawezekana, na imeshatokea kwa makampuni makubwa kabisa.

Ujue kwanza kwamba posti ya "marafiki tu" haifungiwi kwenye chumba chake. Inakaa stoo moja na posti za watu wote. Chukulia stoo ya dagaa, magunia ya watu ishirini yamepangwa pamoja, kila gunia limeandikwa jina kwa makapeni, gunia halina kufuli, kinachokulinda wewe ni mtunza stoo kusoma jina kabla hajamkabidhi mtu mzigo. Posti yako nayo ina kialama kinachosema nani aione, na kila mtu akiitaka, programu inatakiwa isome kialama kwanza. Sasa balaa ni kwamba hii stoo ina milango kibao: kuna ukurasa wako, kuna sehemu ya kutafuta, kuna taarifa zinazolia kwenye simu, kuna apu za watu wengine zilizounganishwa humo, na milango hii haikujengwa na fundi mmoja wala siku moja. Mlango mmoja tu ukisahau kusoma kialama, kwisha habari yako. Hilo kosa ndo watu wa kompyuta wanaita bagi.

Mfano ninaoupenda ni wa Desemba 2011. Facebook walikuwa na njia ya kuripoti picha chafu, ukiripoti picha ya profaili ya mtu inakuletea na picha zake nyingine uonyeshe kama nazo ni chafu, na humo zilikuwemo mpaka za siri. Nani angefikiria mlango wa malalamiko ndo utavuja? Picha binafsi za Mark Zuckerberg zikazagaa, yaani mwenye stoo mwenyewe kaibiwa gunia!

Ila kuna bagi nyingine ambayo milango yote inafanya kazi vizuri kabisa, kilichoharibika ni kialama, kimeandikwa vibaya toka mwanzo. Mwezi Mei 2018 mafundi wa Facebook walikuwa wanatengeneza njia mpya ya mtu kuweka vitu vya kuonyesha kwenye profaili yake, na vitu hivyo kwa kawaida vinaonekana na kila mtu. Sasa ile "kila mtu" ikavuka mpaka, ikajiweka kama chaguo la kwanza kwenye kila posti mpya. Wewe umezoea miaka yote inakuja "marafiki", unaandika unatuma, huangalii tena pale juu, kumbe pameandikwa kingine. Watu kama milioni 14 hivi walikumbwa, kuanzia tarehe 18 mpaka 27 Mei, wakaja kuambiwa Juni.

Hizo ni siku kumi tu. Twitter ilikuwa miaka minne na zaidi. Kama ulikuwa unatumia apu yao ya Android na umeifunga akaunti yako ili wanaokufuata tu ndo waone posti zako, halafu ukabadilisha vitu fulani, mfano barua pepe, kufuli lilikuwa linaweza kujifungua lenyewe kimyakimya. Bagi hiyo iliishi toka Novemba 2014 mpaka Januari 2019.

Utauliza, miaka minne yote hiyo na mtu asijue? Hapo ndo penyewe. Apu ikigoma kufunguka, saa hiyohiyo watu wanapiga kelele nchi nzima. Lakini ikifunguka kupita kiasi nani apige kelele? Wewe mwenye posti ukiiangalia unaiona kama kawaida, maana ni yako, mwenye mali haulizwi mlangoni. Na yule asiyetakiwa kuiona, ikimfikia anajua umeamua mwenyewe. Yule mteja wa shangazi hakuja kusema mtandao umeharibika, alikuja kusema "kumbe ndo unavyonisema".

Basi nikaichukua simu ya shangazi nikachungulia ile posti, pale chini ya jina lake pana kialama cha dunia, maana yake kila mtu. Nikarudi nyuma kwenye posti zake nikakuta siku tatu kabla alitangaza dagaa, na tangazo aliliweka kila mtu aone, ndivyo biashara ilivyo, na ule mtandao una tabia ya kukumbuka ulichochagua mara ya mwisho na kukiweka tena kwenye posti inayofuata. Kwa hiyo haikuwa bagi hata kidogo, umetengenezwa hivyo makusudi. Mimi kwa kweli naona afadhali bagi, maana ikigundulika wanairekebisha.

Shangazi kanisikiliza mpaka mwisho huku mkono unaendelea kugeuza dagaa. "Kwa hiyo kosa ni langu?" Nikamwambia nusu lako nusu lao. Akasonya. Mteja mzigo kachukua, ila kapunguziwa bei.