Udongo Mweusi wa Mlimani Nao Huwa na Njaa

Wanaoniita niwaangalizie bustani za mboga, iwe Ilboru na Nkoaranga huku Arusha au Kibosho na Uru upande wa Moshi, karibu wote huanza na maelezo yaleyale: udongo hauna shida, ni mweusi tii, labda mbegu ndizo feki. Tukiingia shambani tunakuta kabichi zimedumaa, majani ya chini yamegeuka zambarau, na sukuma wiki ya miezi miwili haijafika hata magotini. Udongo ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nalisema hili bila kuzunguka: weusi peke yake si rutuba. Huku juu, udongo unaweza kuwa na chakula tele na bado mmea ukafa njaa, kwa sababu udongo wenyewe umekishikilia.

Meru na Kilimanjaro ni milima ya volkano. Majivu yake yanapovunjikavunjika polepole kwenye baridi na mvua nyingi, huzaa udongo mwepesi wenye madini ya alumini na chuma yaliyo tayari kunasa chochote kinachopita. Yananasa mabaki ya majani yaliyooza, na ndiyo maana udongo unakuwa mweusi. Yananasa pia fosforasi, ambayo ndiyo mche unaitegemea kutoa mizizi. Ukimwaga mbolea ya kupandia shamba zima, sehemu kubwa inakamatwa kabla mzizi haujaigusa. Baridi nayo inaongeza shida. Kila ukipanda mita 100, joto hupungua takribani nusu nyuzi au zaidi kidogo, kwa hiyo ukitoka Moshi mjini ukapanda mita 700 kuelekea Marangu umeshapoteza nyuzi nne. Vijidudu vinavyoozesha samadi na kuachia chakula cha mimea hufanya kazi taratibu, na mwezi wa saba vinazidi kupunguza kasi.

Udongo wa namna hii unaweza kuutambua kwa mkono. Chukua konzi moja yenye unyevu, iminye, kisha ifikiche kwa kidole gumba ukikaza. Mwanzoni inaonekana kavu tu, halafu ghafla inalainika, inateleza vidoleni na kutoa maji. Ukijaza ndoo utashangaa wepesi wake. Ukiuacha wazi juani kiangazi kizima unageuka vumbi, na mvua ya kwanza ikinyesha maji yanakimbia juu yake badala ya kuzama. Ukiona dalili hizo, jua unashughulika na mshikaji wa fosforasi.

Iko hali nyingine ambayo siku hizi naikuta sana, hasa kwenye viwanja vipya vya miteremkoni. Fundi amesawazisha kiwanja, udongo wa juu umefukiwa chini ya msingi au umesombwa na lori, na mwenye nyumba amebaki na udongo mwekundu wa chini. Hapo kweli hakuna kitu. Kama hujaanza kujenga, tafadhali sana, mwambie fundi akwangue sentimita 20 au 30 za juu, azirundike pembeni, azirudishe kazi ikiisha. Udongo ule umechukua karne nyingi kutengenezwa, na koleo la mtambo linaumaliza kwa asubuhi moja. Kama umeshachelewa, usijaribu kutibu kiwanja kizima. Anza na matuta mawili matatu, uyalishe vizuri, mengine yafuate misimu ijayo.

Sasa tiba. Kwa fosforasi kanuni yangu ni moja: lisha shimo, usilishe shamba. Kisoda kimoja cha DAP au TSP, mbolea za dukani zenye fosforasi, kwa shimo la kabichi au nyanya, ukichanganye na konzi mbili za samadi iliyoiva, ufunike na udongo kidogo ndipo uweke mche, ili mbolea isiunguze mizizi. Samadi hapo haikuwekwa kwa mazoea. Tindikali zinazotoka kwenye vitu vilivyooza huwahi nafasi kwenye yale madini ya alumini na chuma, kama abiria waliowahi viti kwenye daladala. Fosforasi ikija inakuta pamejaa, inabaki mlangoni, na hapo mzizi unaichukua. Kisoda kilekile bila samadi hakikupi matokeo hayo.

Asiyetaka mbolea ya dukani ana Minjingu, na sisi wa kaskazini tuna bahati ya kuwa nayo karibu. Ni mwamba wa fosfati unaochimbwa karibu na Ziwa Manyara, uliotokana na vinyesi na mifupa ya ndege walioishi kwenye ziwa la kale. Ile ya unga, ya mwamba mtupu, huyeyuka taratibu, na inahitaji udongo wenye uchachu ili iyeyuke. Kwa hiyo juu mlimani inafaa sana, na ndani yake kuna kalsiamu pia. Lakini ndugu yangu wa tambarare, kule kuelekea Kahe ambako maeneo mengine yana magadi na chumvi nyeupe inaota juu ya ardhi kiangazi, usiipoteze pesa yako hapo. Udongo huo tayari umezidi upande wa pili.

Hilohilo nalisema kuhusu majivu ya jikoni. Kwenye udongo wenye uchachu, konzi mbili au tatu kwa mita moja ya mraba zinasaidia. Kwenye udongo wa magadi zinaharibu. Na popote ulipo usiyachanganye na samadi mbichi wala urea. Ile harufu inayochoma pua ni kirutubisho chako, naitrojeni, kinapaa hewani. Kabla ya kununua chokaa kwa wingi, pima. Chota udongo sehemu 10 hadi 15 za bustani kwa kwenda zigizaga, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi, anika kivulini, peleka nusu kilo maabara. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) pale Morogoro wanapima, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Tanga pia. Mboga nyingi hupenda pH, yaani kipimo cha uchachu, ya kati ya 6 na 7.

Samadi ndiyo nguzo ya yote, na hapa wazee wa kihamba, lile shamba la Wachaga linalozunguka nyumba, wametuachia somo kubwa. Ng'ombe analishiwa ndani, kinyesi na mkojo vinaloweka matandiko, vinaenda kwenye migomba na kahawa, na kihamba kinazaa vizazi na vizazi. Ila ukitazama vizuri utaona samadi haiendi mbali na zizi. Mnafu ulio nyuma ya banda umenawiri, na bustani iliyo hatua 50 kutoka hapo haina kitu. Tenga sehemu ya samadi kwa ajili ya mboga kabla migomba haijaimaliza. Na iwe imefunikwa! Samadi iliyorundikwa nje ikapigwa na masika yote inabaki makapi. Maji meusi yanayotiririka kutoka kwenye lundo ndiyo mbolea yenyewe inaondoka.

Wasio na ng'ombe watengeneze mboji. Huku juu lundo dogo halipati moto, kwa hiyo usishuke chini ya mita moja na nusu kila upande. Panga vitu vikavu kama mabua na majani ya migomba, kisha vibichi, kisha samadi kidogo au udongo wa bustani, nyunyizia maji, rudia. Kwa vibichi nachagua alizeti pori, ile ya maua ya njano inayoota kando ya barabara, kwa sababu majani yake yana naitrojeni na potasiamu nyingi na yanaoza haraka. Chomeka kijiti kirefu hadi katikati ya lundo. Baada ya siku nne au tano kichomoe ukishike: kikiwa cha moto, kazi inaendelea, kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji, kikiwa baridi, kimelowa na kinanuka, pindua lundo lipate hewa. Pindua kila baada ya wiki mbili tatu. Sehemu zenye joto inaiva kwa miezi mitatu hivi, juu kabisa subiri zaidi.

Maganda ya kahawa yanapatikana kwa urahisi Moshi na watu huyafukia moja kwa moja. Mabichi yakifukiwa, vijidudu hunyang'anya naitrojeni ya udongo ili kuyaozesha, na mboga zinageuka njano. Yatandaze juu kama matandazo, au yaingize kwenye lundo la mboji.

Matuta yakate mteremko, yasishuke nao. Juu yake chimba mtaro wa kukinga maji, kingo zake panda mabingobingo au majani ya Guatemala, ng'ombe atakushukuru. Kipande ambacho hukilimi msimu huu usikiache uchi: panda ngwara au marejea, mimea ya jamii ya kunde. Marejea yakate yanapoanza kutoa maua, yalaze palepale, subiri wiki mbili tatu, panda. Ngwara ukitaka uvune kwanza, sawa, lakini mashina yakate na mizizi iache ardhini.

Unapoanza na udongo dhaifu, msimu wa kwanza panda mchicha, mnafu au loshuu, mboga zinazopokea samadi vizuri na kukurudishia gharama mapema. Kabichi zifuate. Karoti ziweke mwisho, kwenye tuta lililolishwa msimu uliopita, kwa sababu karoti kwenye samadi mpya inagawanyika miguu na soko la Kilombero hapa Arusha hakuna atakayeichukua.