Kilomita 180 za Roth, na kilima kinachodanganya

Kijana mmoja ninayemfundisha amepata nafasi ya kushiriki Challenge Roth, mashindano ya triathloni (kuogelea, baiskeli na kukimbia) huko Ujerumani. Swali lake la kwanza: "Kocha, pale Solarer Berg nikanyage wati ngapi?" Nilicheka, kwa sababu swali hilo limenigharimu mwenyewe. Mara yangu ya kwanza nilipanga wati 210 (wati ni kipimo cha nguvu unayokanyagia pedali) kutwa nzima. Nilipokuwa napanda kilima kile nikatupia jicho kompyuta ya baiskeli: 340. Wala sikuhisi kuchoka hata kidogo.

Roth ni mji mdogo wa Bavaria, kusini mwa Nürnberg. Triathloni ilianza pale mwaka 1984, na mwaka 1996 Lothar Leder akawa mtu wa kwanza kumaliza Ironman, yaani triathloni ya masafa marefu, chini ya saa 8. Asubuhi na mapema unaogelea kilomita 3.8 kwenye mfereji wa Main-Donau, kisha unapanda baiskeli kwa mizunguko miwili ya mashambani, inayokaribia kilomita 180 kwa jumla, na mwisho kabisa ni marathoni. Unapita katikati ya ngano, misitu ya misonobari na harufu ya mbolea ya ng'ombe. Kijijini Eckersmühlen wenyeji wametoa meza na mabenchi barabarani, bia mkononi, na bado ni asubuhi.

Njia hii inasifika kwa kasi, na sifa hiyo ndiyo inayowaponza watu. Hesabu zangu ni hizi. Ukienda kilomita 36 kwa saa, unamaliza 180 kwa saa 5 kamili. Ukienda 35, unachelewa dakika 8 na nusu. Kwenye tambarare, nguvu ya kupasua hewa inapanda kwa kipeo cha tatu cha kasi, kwa hiyo ile kilomita moja uliyoiacha inakuokolea karibu asilimia 8 ya nguvu hizo. Sasa geukia marathoni: miguu ikifa na ukapoteza sekunde 30 kila kilomita, umepoteza dakika 21. Ndiyo maana sipendi mtu ajisifu kwa muda wake wa baiskeli kabla sijaona muda wake wa kukimbia.

Mlimani hesabu inabadilika. Pale Greding, mji mwingine njiani, kuna mpando mkali, kasi inashuka sana, na hapo adui ni uzito wako, hewa haina neno. Wati unazoongeza zinakurudishia muda mwingi kuliko zingekurudishia tambarare, kwa hiyo ongeza, ila kwa adabu: aliyepanga 210 aishie 240 au 250, gia nyepesi, makalio kwenye siti. Kwenye mteremko fanya kinyume. Ukishafika kilomita 55 kwa saa, acha kukanyaga, jikunje, pumzisha miguu. Breki shika kabla ya kona. Ukizishika ndani ya kona, tairi linaweza kukutoka.

Solarer Berg, nje kidogo ya Hilpoltstein, si mlima wa kutisha. Ni mfupi. Shida yake ni watu. Wamejaa pande zote mbili, wamebana njia hadi inabaki upenyo wa baiskeli moja, wanapiga kelele usoni mwako kama vile umefunga bao dakika ya 90. Mwili unamwaga adrenalini na maumivu yanapotea, lakini wanga uliouchoma haurudi. Nilichomwambia kijana ni hiki: mzunguko wa kwanza macho yako yabaki kwenye kompyuta, mzunguko wa pili tabasamu upendavyo.

Kula mapema. Dakika 15 za kwanza acha tumbo litulie baada ya maji ya mfereji, kisha gramu 60 hadi 90 za wanga kila saa, kidogo kidogo, ukiwa tambarare. Ukijaza jeli ya wanga mdomoni huku unahema Greding, utaitema. Na tumbo lizoeze miezi kabla; siku ya mbio si siku ya kuonja kitu kipya.

Kuhusu kujificha nyuma ya mwenzako ili akukinge upepo: usijaribu. Umbali ni mita 12 kutoka gurudumu la mbele hadi gurudumu la mbele, na ukiamua kumpita una sekunde 25. Ukikamatwa, unasimama dakika 5 kwenye hema la adhabu ukiwatazama uliowapita wakikupita.

Kilomita 10 za mwisho weka gia nyepesi, simama kidogo kwenye pedali, nyoosha mgongo. Ukifika Roth mjini, wafanyakazi wa kujitolea wanaipokea baiskeli yako kabla hujajua pa kuipeleka. Mwaka ule wa wati 340, mama mmoja alinipokea yangu, akatazama miguu yangu inavyotetemeka, akanishika mkono mpaka kwenye kiti cha kubadilishia viatu.