Upweke si deko: maswali tunayoulizwa kila wiki

Upweke ni nini hasa?
Ni maumivu ya kukosa ukaribu unaouhitaji. Si sawa na kuwa peke yako. Yuko anayekaa peke yake mwezi mzima na roho yake imetulia, na yuko aliye mpweke katika nyumba iliyojaa watu.

Jambo la moyoni linauumizaje mwili?
Kwa mababu zetu wa kale, kuachwa na kundi ilikuwa hatari ya kufa. Nani angekulinda usingizini? Aliyeumia alipotengwa alirudi upesi kwa wenzake, akaishi, akazaa, na sisi ndio kizazi chake. John Cacioppo, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliufananisha upweke na njaa na kiu. Na si mfano tu: katika jaribio lililochapishwa mwaka 2020, watu 40 walitengwa kwa muda wa saa 10, na siku nyingine wakanyimwa chakula kwa muda wa saa 10. Eneo la ubongo lililoamka walipoona picha za chakula wakiwa na njaa, ndilo lililoamka walipoona picha za watu wakiwa pamoja baada ya kutengwa.

Wanyama nao?
Nao pia. Nyani jike wa Amboseli, Kenya, wenye uhusiano mzuri na wenzao huishi muda mrefu zaidi. Hata sisimizi: waliotengwa mmojammoja maabara waliishi siku 6 hivi, ilhali waliowekwa kumi kumi waliishi siku 66 hivi. Aliyetengwa hakutulia, alitembea bila kupumzika, na chakula alichokula hakikusagwa vizuri. Sisemi sisimizi ana majonzi. Nasema mwili ulioumbwa kuishi na wengine huharibika ukinyimwa wengine.

Si nijikaze tu, utapita wenyewe?
Hapana. Tafadhali, hapana.

Mwili wa mpweke hukesha kama mlinzi: usingizi unakatikakatika, na katika chembe nyeupe za damu, zile za kinga, jeni (maagizo ya urithi yanayoiongoza chembe) zinazochochea uvimbe wa kinga huamka zaidi, huku zile za kupambana na virusi zikififia. Hilo limeonekana tangu mwaka 2007. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilihusisha upweke na vifo vipatavyo 871,000 kwa mwaka.

Basi nitatafuta watu nikipata nafuu.
Hapa ndipo wengi wanapoumia. Usisubiri nafuu! Upweke ukikaa, ubongo huanza kuwaona watu kama tishio. Salamu fupi unaiona dharau, simu isiyopokelewa unaiona chuki, nawe unazidi kujifungia. Nafuu unayoingoja chumbani huletwa na watu unaowakwepa.

Mgonjwa mmoja alikuja kwa maumivu ya kichwa, vipimo vyake vyote safi. Alipoanza kueleza, sauti ilikwama, akakohoa mara tatu. Nikadhani koo linamuuma. Akasema, “Hapana, sijaongea na mtu tangu Ijumaa.” Ilikuwa Jumatano. Hali hiyo alikuwa nayo karibu mwaka, akingoja ipite. Haikupita. Haipiti kwa kungojwa.

Pombe kidogo, au vidonge vya usingizi?
Pombe hukulaza kisha hukuamsha usiku wa manane. Vidonge vya kuazima kwa jirani sitaki hata kuvisikia.

Nianze wapi?
Padogo, na leo. Mtu mmoja, kwa muda wa saa moja, uso kwa uso au kwa sauti. Mara ya kwanza utajisikia vibaya. Hiyo ni kengele ya hatari inayolia bure, rudi tena.

Nije kwa daktari lini?
Ukimaliza wiki mbili usingizi au hamu ya kula imepotea, au hakuna kinachokufurahisha. Ukiwaza kufa au kujidhuru, njoo sasa hivi, hata kama ni usiku, na usije peke yako kama yuko wa kukusindikiza. Ukifika, usiishie kwenye kichwa na mgongo. Sema, “Nina upweke,” kwa maneno hayohayo, nasi tutauliza mengine.