Bakteria wa Tumboni Hula Kile Usichokimeng'enya

Karibu kila anayenijia na shida ya tumbo huanza na swali lilelile: ninunue vidonge gani vya bakteria? Nami humuuliza: katika ulichokula jana, kipi kilifika utumbo mpana?

Bakteria walio mwilini mwa mtu mzima wanakadiriwa kufikia trilioni 38, na wengi mno wanaishi huko, karibu na mwisho wa safari ya chakula. Mlo unapowafikia, sukari, mafuta, wanga mwingi na sehemu kubwa ya protini vimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Wao huambulia masalio. Ndiyo maana mtu anaweza kushiba mara tatu kwa siku kwa mkate mweupe, soda na nyama, bakteria wake wakashinda na njaa.

Masalio wanayoyategemea zaidi ni nyuzinyuzi, yaani wanga wa mimea tusioweza kuumeng'enya wenyewe. Sisi vimeng'enya vyetu vya kuvunja wanga ni vichache, havifiki 20. Bakteria mmoja wa tumboni, Bacteroides thetaiotaomicron (jina hilo sikulitunga mimi), ana jeni zaidi ya 200 za kutengeneza vimeng'enya vya kazi hiyo, na huwasha zile zinazofaa kulingana na kilicholetwa. Anachokikatakata, wenzake hukichachusha, na hapo ndipo zinapopatikana asidi fupi za mafuta: asetati, propionati na butirati.

Butirati inastahili kutazamwa kwa karibu. Utando wa ndani wa utumbo mpana umefunikwa na safu moja tu ya seli, na seli hizo hupata takriban asilimia 70 ya nishati yake kutokana na butirati. Zinapoichoma hutumia oksijeni nyingi, hivyo ndani ya utumbo hubaki karibu hamna oksijeni kabisa, hali ileile wanayoihitaji bakteria wanaoitengeneza. Butirati ikipungua, oksijeni huanza kupenya, na jamaa wa Salmonella na Escherichia coli, ambao wao wanaweza kuitumia, hupata nafasi ya kutamba.

Juu ya seli hizo kuna ute, ambao ukiondoa maji, kwa sehemu kubwa ni sukari zilizoshikamana na protini. Kwa bakteria mwenye njaa, hicho nacho ni chakula. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2016, panya waliopandikizwa bakteria wa binadamu walinyimwa nyuzinyuzi. Bakteria wakaugeukia ute, ukawa mwembamba, na kimelea cha ugonjwa kilipoingizwa kikafika kwenye seli kwa urahisi zaidi. Panya si mtu, na simtishi mtu kwa habari za panya, ila sioni sababu ya kudhani bakteria wetu wana subira zaidi.

Kwa binadamu tunajua kwamba mabadiliko huja haraka. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya watu waliokula nyama, mayai na jibini kwa siku 5. Ndani ya muda huo mfupi mpangilio wa bakteria wao ulibadilika. Mafuta mengi huita nyongo nyingi, na Bilophila wadsworthia, anayeivumilia nyongo vizuri, aliongezeka. Waliporudia mlo wao wa kawaida, mambo yalirejea yalivyokuwa katika siku chache. Ni habari njema, lakini pia ina maana kwamba maharage ya siku moja kwa wiki hayakufikishi mbali.

Kuna na madini ya chuma, ambayo watu humeza kama peremende. Sehemu kubwa ya chuma cha tembe haifyonzwi, huteremka hadi utumbo mpana. Laktobasili, bakteria wanaochachusha maziwa, hawana haja nayo sana. Wale jamaa wa Salmonella wanaing'ang'ania. Watoto wachanga nchini Kenya waliopewa unga wa virutubishi wenye chuma walionekana kuongezeka bakteria wa kundi hilo. Mwenye upungufu wa damu asiache tembe zake. Ninayemsema ni yule anayezimeza bila kupimwa.

Turudi kwenye vidonge, yaani wazo la kuingiza bakteria wapya kutoka nje. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waligawa watu wazima makundi mawili. Waliokula vyakula vilivyochachushwa kwa wingi, mtindi ukiwemo, waliongezeka aina za bakteria, na dalili za uvimbe unaoletwa na kinga ya mwili (inflammation) zikapungua katika damu. Waliozidisha nyuzinyuzi hawakuongezeka aina kwa wastani. Wengi waliyasoma hayo kama pigo kwa nyuzinyuzi. Mimi nayasoma tofauti: huwezi kumlisha asiyekuwepo. Aliyeishi miaka kwa vyakula laini huenda amebaki na wachachushaji wachache, kwa hiyo humshauri aanze na vyote viwili, mtindi na kunde, na kunde aziongeze kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, maji yasikosekane. Akirukia sahani nzima siku ya kwanza atajaa gesi, kisha atasema maharage hayampatani.