Kilele cha Mlima Kenya si Lenana

Tangu nianze kupanda miamba, miaka mingi sasa, nasikia watu wakisema wamefika kileleni mwa Mlima Kenya. Wengi wao walifika Lenana, mojawapo ya vilele vya mlima huo, mita 4,985, ambako mtu hupanda kwa miguu bila kamba. Safari hiyo ni ngumu, na wanastahili hongera. Ila kilele chenyewe ni Batian, mita 5,199. Huko ni mwamba mtupu: kamba, mikono, vidole vilivyokufa ganzi. Halford Mackinder, mwanajiografia Mwingereza, alikifikia mwaka 1899, lakini hakuwa peke yake. Alikuwa na waongozaji wawili wa milimani, César Ollier na Joseph Brocherel. Kusahauliwa kwao huniuma. Nelion, pacha wa Batian, mita 5,188, kilipandwa mara ya kwanza 1929.